Kuishi Mbele za Mungu Siku za Kazi: Tatizo la Uwepo Unaosubiriwa Kushuka

Uwepo wa Mungu ni fundisho linalojulikana kwa kila Mkristo aliyepitia katekisimu au darasa la kipaimara: Mungu yuko kila mahali, anavishika viumbe vyake, na kwa Roho Mtakatifu anakaa na watu wake. Kuutambua uwepo huo ni jambo jingine. Mtu anaweza kuukiri kila Jumapili asiukumbuke hata mara moja kati ya Jumatatu na Jumamosi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yakobo kule Betheli: Mungu alikuwapo mahali pale usiku kucha, asiyejua alikuwa Yakobo. Kukua katika utambuzi, basi, si kumwita Mungu aje mahali alipokosekana, ni kuuzoeza moyo kumkumbuka aliyekwisha kuwapo. Maana hizi zinatosha, kwa kuwa wahudumu wanaolengwa na mada hii wanazifundisha wenyewe.

Kanisa limekuwa na njia nyingi za zoezi hili. Watawa waligawa siku kwa sala za vipindi. Wakristo wa Mashariki hurudia sala fupi ya jina la Yesu. Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilipata kibali cha Papa Paulo III mwaka 1548, alifundisha kuchunguza dhamiri adhuhuri na jioni. Kengele ya Malaika wa Bwana bado inapigwa mara tatu kwa siku katika parokia nyingi.

Mpishi wa Paris

Shahidi anayefaa zaidi kwa mada hii ni mpishi. Nicolas Herman alizaliwa Hériménil, katika Lorraine, akawa askari wakati wa Vita vya Miaka Thelathini na kujeruhiwa mguu. Mwaka 1640 Wakarmeli Peku wa Paris walimpokea kama bruda na kumpa jina la Laurent wa Ufufuko. Akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, akakaa huko miaka ipatayo 15. Baadaye alihamishiwa kutengeneza viatu vya watawa. Aliwahi kutumwa Bourgogne kununua divai ya nyumba, na kwa sababu ya mguu wake alisogea ndani ya mashua kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Alifariki mwaka 1691. Barua na mazungumzo yake yalikusanywa na padre Joseph de Beaufort na kuchapishwa mwaka 1692 na 1694.

Laurent hakuwa na saa ya ziada. Jiko la nyumba ya watu wengi halina kimya. Alichofanya ni kuzungumza na Mungu kwa maneno machache katikati ya vyungu, kumkabidhi kila kazi kabla hajaianza, na alipogundua kwamba amesahau, kurudi bila kukaa akijilaumu. Wanaomsimulia huacha mara nyingi upande mmoja wa habari zake: miaka kama kumi ya mwanzo ilikuwa ya mateso ya ndani, na kwa miaka minne aliamini kwamba amekwisha kupotea. Hakuonjeshwa utamu kwanza ndipo akaanza zoezi. Alianza akiwa gizani.

Frank Laubach, mmisionari Mmarekani kando ya Ziwa Lanao, Mindanao, alianza jaribio kama hilo mwaka 1930, akilenga kumkumbuka Mungu dakika kwa dakika. Barua zake hazifichi siku alizoshindwa.

Uwepo uliopewa vitenzi vya mvua

Tatizo ambalo limeyasumbua malezi ya waumini kwa miaka mingi, na ambalo ndilo kiini cha mada hii, linaanzia katika lugha. Biblia ya Kiswahili, hasa tafsiri ya Union ya mwaka 1952, husema "mbele za Bwana" na "uso wa Bwana", ikifuata Kiebrania kinachotumia neno la uso. Eliya ni mtu asimamaye mbele za Mungu. Ibrahimu anaagizwa kuenenda mbele zake. Katika maneno hayo anayesogea ni mwanadamu, Mungu yupo. Mahubiri ya siku hizi yamependelea neno "uwepo" na kulipa vitenzi vya mvua: uwepo unashuka, unajaa, unapungua, unaondoka. Neno lenyewe halina kosa. Vitenzi ndivyo vilivyogeuza fundisho, kwa sababu kitu kinachoshuka hungojwa, na anayengoja hana la kujizoeza.

Muumini aliyelia kwenye mkesha wa Ijumaa, spika zikitikisa mabati na kinanda kikisindikiza maombi, husema uwepo ulikuwa mkubwa. Jumatatu saa kumi alfajiri anawasha mkaa wa kukaangia vitumbua. Mtoto anakohoa, mwenye fremu anadai kodi, na moyoni hakuna msisimko wowote. Kwa kipimo alichofundishwa, Mungu hayuko pale. Anabakiwa na njia mbili: kuusubiri mkesha ujao, au kuamini kwamba ana dhambi iliyomfukuza Mungu. Wahudumu wanaowasikiliza waumini faragha wanazijua njia zote mbili, na wanajua ni wangapi hatimaye huchoka na kuacha kusali kabisa.

Haisemwi hapa kwamba mikesha ifutwe. Wengi wametubu kweli humo, na hakuna mchungaji mwenye busara atakayedharau machozi ya mtu mbele za Mungu wake. Lakini tahadhari hiyo imegeuka kisingizio cha kunyamaza. Mara nyingi somo la ukavu katika sala, yaani kusali bila kuhisi chochote, huwekwa mwisho wa ratiba ya semina, na muda ukibana ndilo linalokatwa. Fedha za vyombo vya muziki hupatikana. Kijitabu cha sala za kazini huahirishwa hadi mwaka ujao, na mwaka ujao tena. Hali hii imedumu kupita kiasi. Eliya aliona upepo, tetemeko na moto pale Horebu, na Mungu hakuwa katika kimojawapo. Alikuja kwa sauti ndogo ya utulivu. Sura hiyo huhubiriwa kila mwaka, kisha spika huongezwa.

Upande wa pili wa tatizo ni jina la Mungu lililozoeleka hadi halisikiki tena. Fundi cherehani humwahidi mteja nguo kesho, Mungu akipenda, naye anajua kitambaa hakijakatwa. "Bwana Yesu asifiwe" huitikiwa "Amina" macho yakiwa kwenye simu. Mungu ametajwa, ila anayemtaja hakusimama mbele zake. Hapa Uamsho wa Afrika Mashariki una la kufundisha. Mwaka 1929 daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe, Kampala, wakasali pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa watu wa Uamsho huo, walisema juu ya kutembea nuruni: kukiri waziwazi, kupatana na jirani, kurudisha kilichoibwa. Kulikuwa na ukali uliopita kiasi na mafarakano, na hayo hayafai kufichwa. Hata hivyo kipimo chao kiliingia nyumbani, shambani na dukani. Aliyedai kuwa karibu na Mungu aliulizwa habari za deni lake.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba mahubiri na mafundisho yarudishe msemo wa "mbele za Mungu", na kwamba viongozi wa sifa waelekezwe, kwa upole, waache kutangaza kuwa uwepo umeshuka au umeondoka. Waimbaji hawana kipimo hicho, wala hawapaswi kubebeshwa.

Somo la ukavu katika sala liwekwe siku ya kwanza ya kila semina, asubuhi, lisiachwe hadi watu wanapofunga mizigo. Waumini waambiwe wazi kwamba kutohisi si ushahidi wa kuachwa. Habari za Laurent zisimuliwe pamoja na miaka yake ya giza, kwani zikikatwa hapo humkatisha tamaa anayejaribu kumfuata.

Zoezi lenyewe lifundishwe likiwa dogo. Mtu achague tendo moja analolifanya kila siku bila kukosa, kama kuwasha jiko, kufungua kufuli la duka au kuvaa kofia ya pikipiki, na katika tendo hilo amkumbuke Mungu kwa maneno yasiyozidi pumzi moja. Likikaa, aongeze jingine. Akisahau wiki nzima, aanze tena pale alipo, bila faini wala kufunga kwa adhabu. Mama lishe anayeamka saa kumi asiagizwe kuamka saa tisa ili ampate Mungu. Mungu yuko naye saa kumi, penye mkaa.

Uchunguzi wa jioni ufundishwe katika jumuiya ndogo ndogo na ibada za nyumba kwa nyumba, kwa maswali mawili: leo Mungu alikumbukwa wapi, na alisahauliwa wapi. Majibu yanayohusu dhambi za faragha yasilazimishwe hadharani. Hapo uzoefu wa Uamsho unatoa onyo pamoja na mfano.

Ahadi ziwe sehemu ya malezi. Anayesema Mungu akipenda azoezwe kusema pia ukweli wa kazi ilipofikia. Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya waanze wao, kwa kulipa mafundi na wasaidizi wa nyumbani kwa wakati, maana fundisho la kuishi mbele za Mungu haliwezi kusikika kutoka kwa mtu anayedaiwa mshahara.

Kijitabu cha sala za kazini, chenye maneno mafupi ya jikoni, shambani, barabarani na hospitalini, kipewe fungu katika bajeti ya mwaka huu, hata kama ununuzi wa spika utasubiri. Pendekezo hili si geni, na linaletwa tena kwa sababu halijatekelezwa.

Mwisho, tathmini ya mafundisho haya isifanywe kwa hesabu ya waliohudhuria wala ya waliolia. Baada ya miezi sita wahudumu wawatembelee waumini wachache mahali pao pa kazi, wawaulize faragha kama zoezi limeshika, na wayaandike majibu kama yalivyo, pamoja na ya wale walioacha.