Ndugu wa Tumbo Moja



Neno "ndugu" twalitamka kila siku hapa Mwera. Katika Kigiriki cha Agano Jipya neno lenyewe ni adelfos, na asili yake ni "wa tumbo moja". Wakristo wa kwanza, Wayahudi kwa watu wa mataifa, watumwa kwa mabwana, waliitana hivyo kwa kuwa Ubatizo uliwazaa upya.

Kipimo chetu ni Waraka kwa Filemoni. Mtume Paulo amrudisha Onesimo kwa bwana wake, akitaka apokewe kwa cheo cha ndugu, kilicho juu ya utumwa. Wala haishii hapo: kama Onesimo anadaiwa, Paulo ajitwika deni hilo. Udugu una gharama.

Pwani yetu yaujua utumwa. Pangani ilikuwa bandari ya misafara. Kisha mkonge ukaletwa mwaka 1893, wakafuata vibarua kutoka mbali walioitwa manamba, watu wa kuhesabiwa kwa namba. Wajukuu wao twasali nao. Je, likizuka suala la shamba, bado ni "ndugu", au sasa ni "wa kuja"? Na mjane anayefukuzwa na mashemeji? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kanisa lisibaki nyuma ya sheria.

Basi kila jumuiya ndogondogo ijiulize: ni nani tunayemwita ndugu, na mzigo wake hatutaki kuugusa?