Mimi ni Punda
Maneno ya Mweka Hazina siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Wenzetu wawili tulioanza nao wametangulia mbele ya haki. Tunawakumbuka, na hisa zao zilifika kwa watoto wao mpaka shilingi ya mwisho.

Kamati ya Sherehe imeniomba nirudie, kwa urefu kidogo, maneno niliyoyaanza kwenye semina yetu ya mwezi wa tatu, yale yaliyowachekesha. Wamesema yatawekwa kwenye kijitabu cha kumbukumbu. Nitajitahidi kusema vizuri, ila mkiona nateleza mnivumilie, kwani mimi ni mtu wa daftari la hesabu, si mtu wa kipaza sauti.

Mnakumbuka mwezeshaji alitugawia vikaratasi, akataka kila mmoja aandike mnyama anayejiona kuwa anafanana naye. Vikakusanywa kwenye ungo, vikasomwa. Mwenyekiti wetu aliandika tembo, kwa kuwa kundi la tembo huongozwa na jike mkubwa anayekumbuka maji yalipo hata wakati wa ukame. Makofi. Mama yetu mfuga kuku aliandika mtetea, kwa sababu mwewe akija, mtetea hajifikirii yeye, anafikiria vifaranga. Makofi tena. Walikuwepo nyuki wanne, maana nyuki ni ushirika, na simba jike mmoja, mwenyewe anajijua. (Vicheko.)

Kikafika changu. Mwezeshaji akasoma: "Punda." Basi, hakuna sababu iliyoandikwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mama mmoja akasema, "Mweka Hazina, wewe kweli umechoka!" Nami nikacheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu yule mama alisema kweli bila kujua. Leo natoa sababu zangu, ambazo zisingeenea kwenye kikaratasi.

Sababu ya kwanza ni kwamba punda ndiye aliyenitua ndoo kichwani kabla bomba halijafika. Mwaka 2015 tulipoanza tulikuwa akina mama 23, hisa moja shilingi 1,000, sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zikikaa kwa watu watatu mbalimbali. Wakati huo maji yalikuwa lamboni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na saa moja na nusu kurudi. Kichwani unabeba dumu moja la lita 20. Kwa familia ya watu saba, dumu moja ni nini? Unakwenda mara mbili, na siku imekwisha hivyo.

Mkopo wangu wa kwanza, mwaka 2016, ulikuwa shilingi 180,000. Wenzangu walifungua magenge, wengine walinunua mbegu za alizeti. Mimi nilinunua punda jike. Mume wangu, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kulisema hili, aliuliza kama nimerogwa. Yeye alitaka baiskeli! (Vicheko.) Punda yule alileta madumu matatu kwa safari moja, nami nikabakiwa na saa tatu kila siku ambazo zamani ziliishia njiani. Katika saa hizo nilikaanga maandazi, na maandazi yakalipa mkopo wote na riba yake kwa miezi minane. Kwa hiyo mtu akiniuliza mtaji wangu wa kwanza ulikuwa nini, simjibu fedha. Namjibu kuwa ni zile saa tatu alizonirudishia punda.

Tena huyu si mgeni kwetu. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa punda alianza kufugwa huku huku upande wa mashariki ya Afrika, miaka 7,000 hivi iliyopita, ndipo akasambaa duniani. Mnyama huyu tunayemtukania watoto amewabebea mizigo mabibi wa mabibi zetu. Hata hivyo, mtu akitaka kusema fulani hana akili, anasema punda.

Sababu ya pili ni ule unaoitwa ukaidi wa punda. Wanaowajua wanyama hawa wanaeleza kuwa farasi akishtuka hukimbia, lakini punda mara nyingi husimama kwanza, akatega masikio, akapima mambo. Sisi tukimwona amesimama tunatafuta fimbo.

Mwezi wa pili mwaka 2017 nilifika naye kwenye lile korongo la kuendea mashineni, amebeba mahindi. Mchanga mkavu, jua linawaka, juu yetu hakuna wingu. Punda akagoma. Nilimsukuma, nikamtukana, nikamchapa, nasema kwa aibu. Yeye masikio yake yameelekea juu ya korongo. Punde kidogo nami nikasikia. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na maji yakaja kwa kishindo yakiburuta magogo. Nilikaa chini, nikamshika shingo yule mnyama, nikalia.

Sasa mkumbuke mwaka 2019. Alikuja mtu mmoja nadhifu, mkoba mkononi, akasema tukimpa fedha zote za sandukuni, baada ya siku 90 zitarudi mara mbili. Wengi wenu mlitaka, msinikatalie. Mimi nilikuwa na ufunguo mmoja kati ya zile tatu. Nikasema sifungui mpaka nielezwe fedha hizo zitakuwa zinafanya kazi gani hata zizae kwa kasi hiyo. Hakuweza kueleza. Siku ile ndipo mtu aliponiita punda mbele ya mkutano. Nikakumbuka korongo, nikasimama pale pale. Kufuli halikufunguliwa. Yaliyowapata waliomfungulia kwingineko sitayasema, maana ni majirani zetu na bado wana uchungu.

Sababu ya tatu ni kwamba thamani ya punda huonekana akishaondoka. Mwezi wa nane mwaka 2020 niliamka alfajiri nikakuta kamba imekatwa. Siku ya tatu vijana wachungaji wakaukuta mzoga porini, umechunwa ngozi, nyama imeachwa kwa fisi. Hakuwa peke yake, kwani mwaka ule kijijini kwetu tuliibiwa punda sita.

Wengi tulidhani ni uchawi. Kumbe ni biashara. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa kitu kama gundi, kiitwacho ejiao, ambacho China hutumika kama dawa ya asili na katika vipodozi. Wanunuzi walipokosa ngozi za kutosha kwao wakazifuata huku. Na punda hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja tu. Mnyama wa namna hiyo hawezi kushindana na kisu. Desemba 2021 Serikali yetu ilipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya biashara hiyo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuizuia barani kote. Tunashukuru. Lakini wangu alikuwa ameshakwenda.

Nilirudi kubeba dumu kichwani kwa miezi saba. Maandazi yakasimama. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la sita, akawa anakwenda nami lamboni na kuchelewa shule. Mwalimu wake yupo hapa, ni shahidi. Na wale waliokuwa wakiniambia "huyo si punda tu" wakaja kunipa pole kama wanavyokwenda msibani. Nikajiuliza, pole hizi zilikuwa wapi alipokuwa hai, na vidonda vya sogi mgongoni?

Ndugu zangu, mpaka hapo mmecheka nami na mmesikitika nami. Sasa nafika kwenye sababu ya nne, ile iliyoninyima usingizi.

Usiku mmoja wa mwezi wa sita mwaka 2023, mama mmoja wa kikundi hiki, ambaye ameniruhusu kueleza ila nisimtaje jina, alinigongea mlango. Mtoto wake alikuwa na homa kali na ameanza degedege. Gari la kukodi kwenda hospitali lilihitaji shilingi 60,000. Mfuko wa jamii tunao, na shida kama hiyo ndiyo kazi yake. Lakini fedha zilikuwa sandukuni, na sanduku halifunguliwi ila kwa funguo tatu. Nikamwambia, "Kanuni haziruhusu, subiri mkutano wa Jumamosi." Nikafunga mlango.

Kanuni zilikuwa upande wangu. Lakini wale wenzangu wawili wenye funguo wanakaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Ningeweza kwenda kuwaamsha. Sikwenda.

Nimejiuliza sana kwa nini. Si kwa roho mbaya, naamini hivyo. Wala si ule ukaidi wa korongoni, kwa maana punda wa korongoni alisimama kwa sababu alisikia hatari. Mimi usiku ule sikusikia kitu. Mchana kutwa nilikuwa nimefunga hesabu za mgao, nimewafuata wadaiwa wanne majumbani, na wawili kati yao wamenitukana. Miaka minane nilikuwa nabeba sanduku, daftari na matusi peke yangu, na kila mwaka mkiniuliza kama nitaendelea nilisema ndiyo, kwa kuwa niliona fahari. Usiku ule nilikuwa punda aliyelala chini na mzigo ungali mgongoni.

Yule mama aliuza mbuzi wawili usiku huo kwa bei ya mmoja. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, na yupo hapa anakula pipi. Baada ya wiki mbili nilikwenda kuomba msamaha. Nilitegemea anitukane. Akaniambia, "Mama, hata wewe ulikuwa umechoka." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi yote.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Tumeizoea, tunaisema hata kujisifu. Mimi leo nauliza swali moja tu. Mzigo ukishafika na punda amekufa, ule wa kesho utabebwa na nani? Tena hiyo methali ni ya mwenye bwana. Kikundi chetu hakina bwana. Mzigo ni wetu, na punda ni wetu wenyewe.

Kwa hiyo, Mama Mwenyekiti, naomba mambo matatu yaingie katika kumbukumbu za siku hii.

La kwanza, kazi ya Mweka Hazina isizidi miaka miwili kwa mtu mmoja, na awe na msaidizi anayejifunza kando yake. Wapo mabinti zetu waliomaliza kidato cha nne wanaojua hesabu kuniliko mimi.

La pili, shilingi 100,000 za mfuko wa jamii zikae nje ya sanduku, mikononi mwa wanachama wawili watakaoandika na kusaini, kwa ajili ya usiku kama ule. Kufuli tatu zinatulinda na mwizi, lakini mtoto mwenye degedege si mwizi.

La tatu haliandikwi kwenye katiba. Ukimwona mwenzako amelemewa, mwambie, na umpokee mzigo kabla hajaanguka. Na wewe uliyelemewa, sema. Madumu manne ni kilo 80. Punda hana mdomo wa kusema la nne literemshwe, lakini sisi midomo tunayo, tena mikubwa. (Vicheko.)

Ufunguo huu nimeuvaa shingoni miaka 10. Vitabu vimekaguliwa, hakuna shilingi iliyopotea, na sijafukuzwa na mtu. Leo naukabidhi kwa Mwenyekiti, ili Mkutano Mkuu ujao umchague mwingine. Hisa zangu nitaendelea kununua kila Jumamosi kama kawaida, na mkinihitaji kwa ushauri mnapajua kwangu. Mlango wangu usiku ukigongwa, nitafungua.

Mliofuga mnajua afanyavyo punda akishatuliwa mzigo. Hatafuti majani kwanza. Hujigaragaza mchangani, miguu juu, mpaka vumbi litimke. Halafu huinuka, akajikung'uta, akawa mpya kwa safari ya kesho. Basi na mimi nipeni nafasi nijigaragaze kidogo.

Akina mama hoyee! Akiba hoyee!