Diski Moja, Vyumba Viwili
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Likawage, Kilwa



Leo tunazungumza juu ya kompyuta. Msicheke. Zamani tulijifunza kusoma ili mtu asitupunje kwenye mzani. Siku hizi hesabu za mzani zinawekwa kwenye kompyuta. Asiyejua hesabu zake zinakaa wapi bado hajamaliza kisomo.

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Kikundi chetu kina kompyuta mpakato moja, ile ya kufunga kama kitabu. Inakaa nyumbani kwa katibu, inachajiwa kwa umeme wa jua. Ndani yake tuliandika majina ya wanachama, kilo za ufuta za kila mtu kwa misimu miwili, na mikopo. Siku moja ikagoma. Inawaka, halafu inazungukazunguka tu. Tukaipeleka mjini kwa fundi. Akasema, "Hii inataka kupigwa Windows upya." Tukaitikia, "Haya, piga." Hatukuuliza neno. Jioni ikarudi nzima, nyepesi, inakimbia. Tulipoifungua, tupu! Majina hakuna. Kilo hakuna. Mikopo hakuna.

Ndugu zetu, tulikaa vikao mpaka tukachoka. Madaftari ya zamani yalitusaidia kidogo, pamoja na stakabadhi za wale waliozitunza. Mama mmoja alisema mkopo wake amekwisha kulipa. Sisi hatukuwa na karatasi ya kumkubalia wala ya kumkatalia. Tukaufuta mkopo, na wengine wakanuna. Hatujui kama tulimtendea haki yeye, au tulikidhulumu kikundi. Hiyo ndiyo hasara ya kweli. Fedha inarudi, lakini watu wakiacha kuaminiana kikundi kinakufa.

Sasa je, kosa lilikuwa wapi? Ndani ya kompyuta mna diski. Vitu vyote hukaa humo hata umeme ukizimwa. Navyo ni vya aina mbili. Kwanza ni programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows. Hiyo ikiharibika huwekwa nyingine. Pili ni kazi zetu: barua, hesabu, picha. Hizo zikipotea, hakuna duka linaloziuza. Sisi tuliviweka vyote chumba kimoja. Fundi aliposafisha chumba ili aweke Windows mpya, alifagia na mali yetu. Mkulima gani anaweka mbegu ya mwakani pamoja na mahindi ya kula?

Dawa yake ni kuigawa diski. Kila sehemu huitwa partisheni. Hakuna kinachokatwa kwa msumeno. Diski ni ile ile moja, lakini mwanzoni mwake huandikwa orodha: sehemu hii inaanzia hapa, inaishia pale. Kompyuta ikiisoma orodha hiyo, inaona kama ina diski mbili.

Jambo hili si geni kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya pamoja, ardhi ya watu binafsi na familia, na ardhi ya akiba ambayo bado haijagawiwa. Ardhi ni moja, matumizi ni mbalimbali. Diski nayo ni hivyo hivyo.

Sehemu ya Windows huitwa C. Mbona haianzi A? Herufi A na B zilikuwa za diski laini za zamani, zile za kuchomeka. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuwa na diski ya ndani ya MB 10 tu. Leo diski ya GB 500 ni kubwa mara 50,000. Na mkiona kompyuta inaandika 465 badala ya 500, msidhani mmepunjwa. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, kompyuta huhesabu kwa 1,024.

Sisi tulifanya hivi. Kwanza, tulinakili kazi zote kwenye flashi, tukachomeka kompyuta kwenye umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, ni hatari. Pili, tulibonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, tukachagua Disk Management. Tatu, tulibonyeza C vile vile, tukachagua Shrink Volume, maana yake punguza. Tukaandika 204800, yaani GB 200 kwa hesabu ya MB. Kompyuta ikitoa pungufu ya hapo, kubalini. C iachiwe nafasi ya kutosha, maana Windows hukua. Nne, palitokea eneo tupu, ndiyo ile ardhi ya akiba. Tukalibonyeza, tukachagua New Simple Volume, tukafuata maelezo mpaka mwisho. Tukalipa jina: KIKUNDI.

Lakini angalieni sana! Msiguse Delete wala Format penye kitu chenu. Na vile visehemu vidogo visivyo na herufi msivifute. Vingine huisaidia kompyuta kuwaka au kujitengeneza.

Tena, kugawa peke yake hakutoshi. Mkiandika kazi na kuiacha kwenye uso wa kompyuta, au katika Documents, kwa kawaida inakaa C. Lazima mwiweke D kwa mkono wenu. Na mkienda kwa fundi, mwambieni: "Safisha C tu, D usiiguse."

Neno la mwisho ndilo kubwa. Mpaka wa kwenye diski ni kama bango la mpaka wa msitu. Mtu mwungwana ataliheshimu. Moto hauliheshimu. Diski ikifa, au kompyuta ikiibiwa, C na D huondoka pamoja. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tunanakili D kwenye flashi mbili. Moja inakaa kwa katibu, moja kwa mweka hazina, nyumba mbalimbali. Na daftari bado tunaandika.

Kompyuta haijui lililo la thamani kwetu. Kulijua na kulitenga ni kazi yetu.

Jadilianeni:
1. Kumbukumbu za kikundi chenu zinakaa wapi leo?
2. Zikipotea usiku huu, nani ataumia kwanza?
3. Nani atatunza nakala ya pili?