Kiwanja cha Ndege na Saa ya Hatari



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya viwanja vya ndege, na hasa juu ya wale watu ambao kazi yao ni kungojea jambo ambalo sote twaomba lisitokee. Sisi ni walimu. Kazi yetu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu, wala hatuna ustadi wa kurusha ndege. Walakini tumesafiri kwa ndege kama wengi wenu, tumezisoma taarifa za wachunguzi wa ajali, na zaidi ya hayo tulipata somo letu wenyewe chuoni, somo la aibu kidogo, nalo tutalisimulia kabla hatujaagana.

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikiukaribia mji wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na upepo mkali juu ya Ziwa Victoria. Ndege ile haikufika kiwanjani. Iliangukia majini, karibu na nchi kavu, hata watu waliokuwa ufuoni waliiona kwa macho yao, mkia ukiwa juu na pua ikiwa chini ya maji. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao.

Ni nani waliokuwa wa kwanza kuifikia? Walikuwa wavuvi. Watu waliokuwa wakishughulika na nyavu zao na dagaa wao walizigeuza mashua, wakapiga makasia kuelekea kwenye ndege, wakawatoa abiria kwa mlango wa nyuma mmoja mmoja. Kijana mmoja miongoni mwao alisifiwa sana kwa ushujaa wake. Serikali ilimtunza shilingi milioni moja, ikamwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Baadaye ndege ilifungwa kamba, na umati wa watu waliosimama ufuoni wakaivuta kwa mikono yao.

Sisi twawasifu watu wale, na kila mwenye moyo atawasifu. Lakini mwalimu ana desturi ya kuuliza swali la pili. Wavuvi walikuwapo kwa sababu ndipo mahali pao pa kazi. Je, wale ambao kazi yao ni kuokoa, walikuwa na nini mkononi saa ile? Taarifa ya kwanza ya wachunguzi, iliyotoka mwezi ule ule wa Novemba, ilijibu kwa maneno machache yenye uchungu: ya kwamba mashua ya askari wa majini ilifika baada ya saa nyingi, nayo ilikuwa imepungukiwa na mafuta, na wapiga mbizi walikuwa wamepungukiwa na hewa katika mitungi yao. Twaomba mfikiri maana ya maneno hayo. Mtungi wa hewa si kitu cha ajabu, wala mafuta ya mashua si kitu cha ajabu. Ni vitu ambavyo mtu angeweza kuvikagua kila Jumatatu asubuhi na kutia alama katika daftari.

Kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni mwa ziwa. Ndege ikija kwa upande wa maji, hupita juu ya maji mpaka inapoikuta ardhi. Magari ya zimamoto ni mazuri, yana povu na maji na ngazi, lakini gari halielei. Sheria ya mataifa juu ya jambo hili imekwisha andikwa: kiwanja kilicho karibu na maji au kinamasi, ambacho ndege hupita juu yake zinapotua au zinaporuka, yakipasa kiwe na vyombo vya kuokolea vinavyofaa mahali hapo. Viwanja vyetu vya namna hii si kimoja. Mwanza uko ziwani, Kisumu uko ziwani, Entebbe uko ziwani, na pwani tunayo bahari. Kwa hiyo neno hili si la watu wa Bukoba peke yao.

Sheria tunazozitaja zatoka kwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililoanzishwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Chicago mwaka wa 1944. Katika maandiko yake mna hesabu moja ambayo twataka mwikumbuke. Kengele ikilia, gari la kwanza la zimamoto lapaswa kufika mahali popote pa njia ya kurukia ndege, na kuanza kumwaga povu, katika muda usiozidi dakika 3. Na ikiwezekana, ziwe 2. Kwa nini haraka hii? Mtu atasema, moto wa nyumba twaupigania saa nzima. Lakini ndege ni bomba jembamba la bati lililojaa watu na viti, na ndani ya mabawa yake mna mafuta mengi. Moto ukiwa nje, huweza kuitoboa bati ile kwa dakika moja au mbili. Na moshi hautaki hata muda huo. Tarehe 22 Agosti 1985, huko Manchester katika Uingereza, ndege yenye watu 137 ilipatwa na moto wa mtambo ikiwa bado inakimbia chini. Haikuruka kamwe, rubani aliisimamisha salama. Walakini watu 55 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na moto, bali na moshi, hali zimamoto walikuwa wamefika mapema.

Basi, wapendwa, kifaa ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mazoezi. Sheria ile ile yataka kila kiwanja kikubwa kifanye zoezi kamili, la kuigiza ajali, muda usizidi miaka 2. Zoezi kamili si mchezo wa kuigiza wa shule, ambamo kila mtu ajua maneno yake. Wataka waje madaktari, polisi, hospitali, watu wa simu, wenye magari ya wagonjwa, na wengine walale chini wakijifanya majeruhi, na mganga apite akiwafungia vitambaa vya rangi: mwekundu kwa yule asiyeweza kungoja, manjano kwa yule awezaye kungoja kidogo, kijani kwa yule awezaye kutembea.

Wako watu wasemao kwamba mambo haya ni kupoteza fedha. Sisi twawajibu kwa habari ya Sioux City, mji wa Marekani usio mkubwa, katika jimbo la Iowa. Mwaka wa 1987 watu wa mji ule walifanya zoezi. Walijifanya kwamba ndege kubwa imeanguka kiwanjani mwao, ijapokuwa ndege kubwa namna ile hazikuwa na desturi ya kutua pale. Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Julai 1989, ndege kubwa yenye watu 296, iliyokuwa imepotewa na nguvu zote za kuiongoza, ilikuja ikaangukia pale pale. Watu 112 walikufa. Lakini 184 waliokoka, na kila aliyeichungulia habari ile alisema kwamba mji ulikuwa tayari. Twakiri kwamba bahati ilikuwamo pia: siku ile askari wa akiba 285 walikuwa kazini kiwanjani, na katika hospitali zamu moja ilikuwa ikipokezana na nyingine, basi wauguzi walikuwapo maradufu. Lakini wauguzi maradufu wasiojua pa kwenda wangalisongamana tu mlangoni.

Hatutaki kukaa juu ya moto na maji tu, maana heri ajali isiyotokea. Nyingi huzuiwa kwa kazi ndogo zisizo na sifa: mtu anayetembea njiani asubuhi akiokota misumari na mawe, mtu anayefukuza ndege wa manyoya, mtu anayefyeka nyasi. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, ndege ya Concorde ilikanyaga kipande cha chuma chenye urefu kama mkono tangu kiwiko hata vidole, kilichokuwa kimeanguka kutoka kwa ndege iliyotangulia. Tairi lilipasuka, moto ukawaka, na watu 113 walikufa. Kwa hiyo tukimwona yule mtu mwenye ufagio kiwanjani, yafaa tumwamkie kwa heshima.

Na kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, mtatustahimilia tukinena kidogo juu ya maneno. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu, watu 583 wakafa. Na kati ya sababu zake ilikuwa sentensi moja isiyotengenezwa vema, iliyosemwa redioni, ambayo msemaji aliifahamu hivi na msikilizaji vile. Tangu hapo neno la kuruka halitajwi kati ya mnara na rubani ila wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka. Hata hivyo lugha bado yatega watu. Tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja cha Haneda mjini Tokyo, mwongozaji alimwambia rubani wa ndege ndogo ya walinzi wa pwani kwamba yeye ni wa kwanza katika foleni. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba rubani alidhani amekwisha ruhusiwa kuingia njiani. Aliingia, akasimama kama sekunde 40, na ndege kubwa ya abiria ikamshukia kwa nyuma gizani. Katika chumba cha waongozaji mlikuwa na kioo kilichoonyesha alama ya hatari, hakuna aliyekitazama. Siku chache baadaye aliwekwa mtu ambaye kazi yake ni kukitazama kioo hicho, basi.

Katika ndege ndogo walikufa watu watano kati ya sita. Walikuwa wakipeleka msaada kwa watu waliopatwa na tetemeko la nchi. Lakini ile kubwa ilikuwa na watu 379, nayo ikawaka yote mpaka ikabaki majivu, na wote 379 walitoka hai. Milango minane walitumia mitatu tu, maana mingine ilikuwa na moto. Kipaza sauti cha ndani kiliharibika, wahudumu wakapiga kelele kwa vinywa vyao. Na abiria waliacha mizigo yao. Hili la mizigo laonekana dogo, lakini sisi twajua lilivyo kubwa, na sasa tutaisimulia ile aibu yetu.

Baada ya kuisoma habari ya Haneda tuliazimu kufanya zoezi la moto chuoni kwetu. Tulipiga kengele saa mbili usiku, katika bweni la wanafunzi 60. Mlango wa mbele ulifunguka. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa amekwenda dukani kununua sukari. Ndoo za mchanga zilikuwapo, zimepakwa rangi nyekundu kama ipasavyo; katika mbili tulikuta vitunguu vimepandwa, na vimestawi. Wanafunzi walitoka kwa dakika 11. Wa mwisho alitoka amebeba sanduku la bati kichwani, na viatu vyake vipya mkononi, na alipoulizwa alijibu, "Mwalimu, mlisema ni zoezi." Hatukuwa na la kumjibu. Sisi wenyewe tuliosimama nje hatukuwa na orodha ya majina. Hatukuweza kujua kama wametoka 60 au 59.

Mambo manne yale, mlango, ndoo, sanduku na orodha, yote yalitengenezwa kwa juma moja, na gharama yake ilikuwa kufuli moja na daftari moja. Tulisikitika kidogo kwa ajili ya vitunguu.

Kwa kiwanja cha ndege, hesabu ni ile ile, ijapokuwa daftari ni nene zaidi. Na kwa mahali kama Bukoba twaona jambo moja zaidi ambalo halina gharama kubwa. Wavuvi wako pale kila siku, alfajiri na jioni, nao wayajua maji yale kuliko mtu yeyote. Waandikwe majina. Wapewe namba moja ya simu, na mnara uwe na namba zao. Wafundishwe mlango wa ndege hufunguliwaje kwa nje, maana kila mlango una mpini wake na maandishi yake, na mtu aliyeuona mara moja mchana hataupapasa gizani. Wapewe makoti ya kuelea na kamba ndefu, vihifadhiwe karibu na mashua, si katika ghala lenye kufuli. Na zoezi la kiwanja likifanywa, nao waitwe, walipwe siku yao ya kazi, maana mvuvi aliyeacha nyavu ana watoto wanaongoja chakula.

Na ninyi mtakaosafiri, mkiisha kukaa kitini, geuzeni shingo mhesabu safu za viti toka kwenu hata mlango wa karibu, wa mbele na wa nyuma. Katika moshi hamtauona mlango. Mtazigusa safu kwa mkono na kuzihesabu.

Zoezi letu la pili tulilifanya bila kumwambia mtu, usiku wa manane, mvua ikinyesha. Walitoka kwa dakika 3 na nusu, wakasimama chini ya mwembe wakitetemeka, na kiranja akaita majina mpaka la 60. Yule wa sanduku alikuwa wa tano kutoka, naye hakuwa na viatu.