Leseni ya Rubani Hainunuliwi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkubwa wa wanamemba)



Leo tunasema juu ya jambo ambalo limeleta maneno mingi ndani ya muungano wetu. Vijana watatu wameandika kuomba mfuko wa masomo uwasaidie kujifunza kuendesha ndege. Wengine kati yenu mlisema: "Ndege? Na minervali ya watoto wadogo bado hatujamaliza kulipa!" Wengine mlijibu: "Mtoto aliyekulia kambini naye ana haki ya kuruka." Pande zote mbili ziko na sababu. Njo maana komite ilikaa, ikauliza, ikasoma, na leo tunawaletea tulichopata.

Tuanze na kile kilichotuumiza. Kuna familia kati yetu iliuza kiwanja na kumpa mafranga mtu aliyeahidi kwamba kwa miezi 6 mtoto wao atakuwa kapteni wa ndege kubwa. Mtoto alirudi na karatasi yenye muhuri mzuri sana. Lakini ile karatasi haikutoka kwa mamlaka ya anga ya nchi yoyote. Hatutaji familia wala yule mtu. Tunataka tu kila mzazi ajue namna ya kutambua udanganyifu.

Jambo la kwanza: shule inafundisha, lakini leseni inatolewa na Leta, kupitia mamlaka ya anga. Nchi zilikubaliana kule Chicago mwaka 1944 kuwa na kanuni za pamoja za usafiri wa ndege, na nchi yetu imo ndani ya mapatano hayo. Anayepata leseni nje, akirudi hapa, lazima mamlaka yetu iitambue kabla hajafanya kazi.

Jambo la pili: kuna ngazi, na hakuna anayeziruka. Leseni ya kwanza ni ya rubani wa binafsi. Kwa kanuni za kimataifa, mtu awe na miaka 17 na masaa 40 ya kuruka, au 35 kama shule na programu yake imekubaliwa na mamlaka. Ndani ya masaa hayo, 10 aruke peke yake, bila mwalimu pembeni. Leseni hii haimruhusu kulipwa hata franka moja kwa kazi ya urubani. Ya pili ni ya rubani wa biashara: miaka 18, masaa 200, au 150 kwa programu iliyokubaliwa. Hapo ndipo mshahara unaweza kuanza. Ya juu kabisa, ile ya makapteni wa ndege kubwa za abiria, inaomba miaka 21 na masaa 1,500. Sasa pigeni hesabu wenyewe: miezi 6 itamtoa mtu kwenye sifuri na kumfikisha huko namna gani?

Juu ya leseni kuna vibali vya nyongeza: kibali cha kuruka kwa kufuata vyombo wakati wingu limefunika kila kitu, cha ndege ya injini mbili, cha aina fulani ya ndege kubwa, cha kuwa mwalimu. Kila kimoja kina masomo yake, mtihani wake na gharama yake. Na kila saa ya kuruka inaandikwa ndani ya daftari la rubani. Mzazi, ukitaka kujua kama mtoto anaendelea, omba kuona lile daftari. Picha amevaa shati nyeupe na mabega ya dhahabu haitoshi.

Jambo la tatu linatupa moyo. Rubani wa safari za kimataifa lazima aonyeshe anaweza kusema na kuelewa lugha ya redio, na kwa sehemu kubwa ya dunia lugha hiyo ni Kiingereza. Kiwango cha chini ni cha 4 kati ya 6. Watoto wetu waliosoma Zambia walichekwa hapa sababu Kifaransa chao kilikuwa kigumu. Kumbe kile Kiingereza walichorudi nacho ni mali. Mkumbuke Bessie Coleman, dada mweusi wa Marekani: shule za kwao zilimkataa, akajifunza Kifaransa, akavuka bahari mpaka Ufaransa, na mwaka 1921 akapata leseni yake. Yeye alitafuta lugha kwanza, ndege baadaye.

Basi komite inapendekeza hivi. Mfuko usilipe saa hata moja ya kuruka kabla kijana hajapita kwa daktari aliyekubaliwa na mamlaka ya anga, kwa kile cheti cha daraja la kwanza kinachodaiwa kwa rubani wa biashara. Macho, masikio, moyo, na kutambua rangi, vyote vinapimwa. Miwani peke yake haimzuii mtu, lakini ni heri kujua mapema kuliko baada ya kuuza shamba. Pili, afanye mtihani wa Kiingereza. Tatu, mafranga yaende moja kwa moja kwa shule, kwa vipande, ngazi kwa ngazi, na shule iwe imethibitishwa na mamlaka ya nchi ilipo. Ziko za kuulizia: Soroti nchini Uganda, iliyoanzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki, na nyingine ziko Nairobi na Addis Abeba.

Na atakayeshindwa kwa daktari asilie. Ndege inahitaji fundi wa injini, mwongozaji wa anga, mpanga mizigo. Hao wote ni watu wa ndege.

Wafadhili wetu, hatuwaombi mtununulie ndoto nzima. Tunaomba mtusaidie kulipia vipimo vya daktari na masomo ya Kiingereza kwa hawa watatu. Minervali ya wadogo haitaguswa. Hilo tumeliandika, na kitabu cha hesabu kiko wazi kwa kila mwanamemba.

Sisi tunaojua mvua inavyokata barabara ya Moba, tunajua ndege si mchezo wa matajiri. Mgonjwa anaingojea, dawa inaingojea. Sasa maamuzi ni yenu: mtapiga kura kwa mkono kabla hatujaachana.