Kwikwi Isiyokuwa Kwikwi

(Mazungumzo na klabu ya afya ya shule ya sekondari)

Kaeni vizuri. Na wewe kule nyuma usijifiche, leo hakuna sindano.

Kwanza fanya jambo moja. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Umeyapata mapigo? Hesabu kwa dakika moja. Ukiwa umetulia hivyo, kwa kawaida yatakuwa kati ya 60 na 100. Mimi nilipokuwa kidato cha tatu, matroni aliyahesabu yangu akapata 34. Akadhani amekosea, akarudia. 34 tena.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshazimia mara tatu mstarini. Wengine walisema kifafa, wengine mapepo, na wengine, si mnajua tena midomo ya shule, wakasema nina mimba. Kumbe tatizo lilikuwa umeme. Ndiyo, umeme! Moyo hujitengenezea umeme kidogo sana. Unaanzia chumba cha juu cha kulia, unashuka hadi vyumba vya chini, ndipo navyo vinajikaza na kusukuma damu. Kwangu mimi njia hiyo ilikuwa imekatika. Vyumba vya chini vilikuwa vinajipigia tu polepole, bila kupata amri kutoka juu.

Basi nikawekewa peismeka, wengi huiita betri ya moyo. Usifikirie betri ya gari! Ni kidude bapa, uzito wake gramu 20 hadi 50 hivi, kinakaa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Waya mwembamba unapita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Moyo ukichelewa kupiga, kifaa kinatuma umeme kidogo. Ukipiga wenyewe, kinanyamaza na kusikiliza. Mtu wa kwanza kupandikiziwa kifaa cha namna hii alikuwa Mswidi, Arne Larsson, mwaka 1958. Cha kwanza kilikufa baada ya saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86.

Sasa swali ninaloulizwa kila niendako: "Dada, unakisikia?" Ule umeme wenyewe, sisikii kitu. Lakini kuna mambo unayasikia, na mengine yanachekesha. Kovu linawasha. Mkanda wa begi unakera. Kifaa changu kinahisi mtikisiko wa mwili, ili nikikimbia kiuongezee moyo mwendo. Haya, nipande basi kwenye barabara ya makorongo: nimekaa kitini sifanyi lolote, na moyo unakwenda kama nakimbia! Kifaa kimedanganyika. Hata kliniki, daktari akikipima kwa kompyuta yake, anaweza kuuharakisha moyo wako kidogo, ukausikia unadunda mpaka shingoni. Ukishajua sababu, huogopi tena.

Lakini kuna moja sikuijua sababu yake, nikanyamaza. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Nilikuwa na tabia mbaya. Kila nikikaa darasani, hasa kipindi cha hesabu, mkono unapanda wenyewe pale mtulingani. Kidude kilikuwa kinateleza chini ya ngozi. Nikawa nakigeuza, nakigeuza, kama mtu anayechezea kifungo cha shati. Baada ya wiki kadhaa tumbo likaanza kuruka, hapa chini ya mbavu. Tap, tap, tap, kwa mpangilio kama saa. Wenzangu bwenini wakasema ni kwikwi, kunywa maji. Nikanywa mpaka nikashiba.

Mbona sikumwambia matroni? Mama alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya matibabu yangu, na deni lilikuwa bado. Nikajiuliza, nikisema kuna kitu, safari hii atauza nini?

Kwikwi ikahama tumbo, ikaja kifuani. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kushtuka. Halafu siku moja kimya. Nikafurahi, nikajua nimepona! Siku mbili baadaye nikaanguka kwenye ngazi za bweni, nikapasuka kichwa.

Picha ya eksirei ilionyesha waya umejiviringisha kwenye kifaa, kama kamba ya mbuzi kwenye kigingi. Mimi mwenyewe niliuvuta kwa kule kugeuza. Madaktari wanaijua hali hii, iliandikwa tangu 1968. Waya ulipokuwa ukipanda, ulipita karibu na neva ya kiwambo cha kupumulia, ukakitia umeme: tumbo likaruka. Ukafika kwenye misuli ya kifua, kisha neva za mkono. Yaani kwikwi ile ilikuwa inataja vituo kama kondakta, na mimi abiria nimelala! Moyo ulikuwa umeshaachwa nyuma bila umeme.

Nikapasuliwa tena, na mama akakopa tena. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba si kila mruko wa namna ile unataka kisu. Mara nyingine umeme una nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, daktari anaupunguza kwa kompyuta, unarudi zako nyumbani. Wewe ukiwa kitandani bwenini huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo kama wewe au rafiki yako ana kifaa hiki: kwikwi isiyoisha, kizunguzungu, kuzimia, pumzi kukatika, au kidonda kuvimba, kuwa chekundu au kutoa usaha, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje likizo. Mwenzako akizimia, msimzingire. Mlaze, inua miguu, angalia kama anapumua, mwite mkubwa mbio. Kumgusa hakukudhuru. Na kama hapumui, anza kumkandamiza kifua kwa nguvu, kifaa au si kifaa.

Simu natumia, ila naiweka sikio la kulia na siitii mfuko wa shati. Iwe mbali na kifaa angalau sentimita 15. Mpira nacheza, ila daktari amenikataza ndondi. Sikulia sana.

Haya, nani ana swali? Wewe dada wa mbele, tangu nimeingia unautazama mtulinga wangu. Njoo ukishike. Ila usikigeuze!