Kumwomba Jirani Alipie Shule: Somo Kutoka kwa Marafiki Zetu wa Minnesota

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za elimu na urafiki)



Nimeombwa nieleze namna wenzetu wa Marekani wanavyogharamia shule zao za umma. Huenda mtu akauliza, jambo hilo linatuhusu nini? Linatuhusu kwa sababu dayosisi nyingi za KKKT zina marafiki huko. Dayosisi ya Iringa, kwa mfano, imeshirikiana kwa miaka mingi na Sinodi ya Saint Paul Area katika jimbo la Minnesota, kwa jina la Bega kwa Bega, na sehemu kubwa ya ushirikiano huo ni ada za wanafunzi. Wengi wetu tunapoandika barua za kuomba ada tunadhani kwamba kule serikali tajiri hulipia kila kitu, na rafiki yetu anatupatia kilichozidi mfukoni mwake. Sivyo. Rafiki huyo naye huombwa fedha za shule ya mtaani kwake, na huombwa kwa kura.

Nitatumia mfano wa Minnesota, kwa kuwa kila jimbo la Marekani lina sheria zake.

1. Nani anayelipa?

Minnesota imegawanywa katika wilaya za shule zaidi ya 300. Kila wilaya ina bodi inayochaguliwa na wakazi. Fedha nyingi za uendeshaji hutoka serikali ya jimbo, kwa kuhesabu wanafunzi. Serikali kuu ya Washington huchangia sehemu ndogo. Kinachobaki hutoka kwenye kodi ya majengo na ardhi ya wakazi wa wilaya ile.

Bodi ina uwezo mdogo wa kutoza kodi hiyo kwa uamuzi wake yenyewe. Ikitaka nyongeza kubwa kwa ajili ya mishahara ya walimu, au ikitaka kukopa kwa hati fungani ili ijenge shule mpya, kwa kawaida ni lazima iwaulize wapiga kura. Wakikubali zaidi ya nusu, kila mwenye nyumba atalipa, hata yule aliyesema hapana. Wakikataa, bodi itarudi mezani na kupunguza: walimu wachache, madarasa yaliyojaa, muziki na michezo kufutwa. Zimekuwapo wilaya za vijijini zilizopunguza juma la masomo hadi siku nne ili kubana matumizi.

2. Swali lenyewe linavyoulizwa

Hapa ndipo penye somo kubwa. Kura ya fedha za uendeshaji kwa kawaida hufanyika mwezi Novemba, siku ya uchaguzi. Karatasi ya kura hutaja kiasi kinachoombwa kwa kila mwanafunzi na idadi ya miaka, ambayo haizidi 10. Tena sheria inataka karatasi hiyo imweleze mpiga kura waziwazi kwamba akisema ndiyo, anapigia kura ongezeko la kodi yake. Hakuna kufichaficha. Kabla ya siku hiyo wilaya humpelekea mlipa kodi taarifa inayoonyesha nyumba ya thamani fulani itaongezewa kiasi gani. Tuseme, kwa mfano tu, dola 20 kwa mwezi. Mwenye nyumba hukaa na mkalimani wake, yaani kikokotoo, akapiga hesabu: dola 240 kwa mwaka, kwa miaka 10. Ndipo anapoamua.

Bodi yenyewe hairuhusiwi kutumia fedha za umma kuwashawishi watu waseme ndiyo. Inaruhusiwa kutoa maelezo tu. Kazi ya kushawishi hufanywa na wazazi na raia wanaojiundia kamati, wakapita nyumba kwa nyumba kugonga milango. Na wanaopinga nao wana haki hiyo hiyo.

3. Kwa nini asiye na mtoto akubali?

Ndugu zangu, mlango mgumu kuliko yote ni wa yule ambaye hana mtoto shuleni. Wako wajane na wastaafu wanaoishi kwa pensheni. Nyumba yao imepanda thamani, lakini mfuko wao haukupanda. Mtu wa namna hiyo akisema hapana, tusimwite mchoyo. Minnesota imejaribu kumpunguzia mzigo: wenye kipato kidogo wanaweza kurudishiwa sehemu ya kodi, na wazee wenye sifa zinazotakiwa wanaweza kuahirisha sehemu ya kodi ikawa deni juu ya nyumba. Mkulima naye amefikiriwa. Kodi ya uendeshaji inayopigiwa kura haigusi mashamba yake, ila nyumba yake na eneo dogo linaloizunguka. Kodi ya kulipia majengo ya shule ndiyo inayogusa mashamba, na tangu mwaka 2017 sheria imeifanya serikali ya jimbo ibebe sehemu ya mzigo huo.

Hata hivyo, punguzo peke yake halimfanyi mtu aseme ndiyo. Linalomfanya akubali ni kuamini kwamba shule ni ya wote. Muuguzi atakayemhudumia uzeeni yuko darasani leo.

Sisi Walutheri jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani kuwataka waanzishe shule na kuzitunza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa mji unatumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini usitumie kiasi fulani kumlipa mwalimu? Hakuwaandikia wazazi peke yao. Aliuandikia mji mzima kupitia viongozi wake.

4. Mahali mfumo unapopwaya

Nisiwaonyeshe upande mmoja tu. Kodi inayotegemea thamani ya majengo huipa nguvu wilaya yenye maduka makubwa na nyumba za kifahari. Wilaya maskini inaweza kujitoza zaidi na bado ikapata kidogo. Mwaka 1971, chini ya Gavana Wendell Anderson, Minnesota ilifanya mageuzi makubwa: serikali ya jimbo iliongeza mchango wake, na utegemezi wa kodi za wakazi ukapungua. Lakini pengo halikuisha. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Texas, iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba tofauti hizo za fedha hazivunji katiba ya nchi. Minnesota hutoa ruzuku ya kusawazisha kwa wilaya zenye majengo ya thamani ndogo, lakini mtoto bado anaweza kupata zaidi au kupungukiwa kwa sababu tu ya upande wa barabara alikozaliwa.

5. Sisi tufanye nini?

Kwetu utaratibu ni mwingine. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne katika shule za serikali haina ada. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, na hatuulizwi kwa kura kama shule ya kata iongezewe. Lakini michango haijaisha: darasa, choo, madawati, uji wa wanafunzi. Na katika sharika zetu tuna harambee na mnada baada ya ibada kwa ajili ya shule zetu za kanisa. Harambee ina uzuri wake, kwani mtu hutoa kwa moyo. Udhaifu wake ni kwamba huwachosha walewale kila mwaka, na wengine hupita pembeni.

Napendekeza mambo manne:

Kwanza, kila mchango utajwe kwa shilingi, kazi yake na tarehe ya mwisho. Mchango usio na mwisho huzaa manung'uniko.

Pili, tumuulize mchangiaji kabla ya kuamua, naye awe huru kusema hapana. Kumzuilia mtoto masomo, au kumnyima mtu huduma kwa sababu ya mchango, si kuomba.

Tatu, tuwaendee wasio na watoto shuleni: vijana, wastaafu, wafanyabiashara. Tusidhani shule ni ya wazazi peke yao.

Nne, tusome hesabu mbele ya waliotoa, pamoja na risiti. Wilaya za Minnesota hukaguliwa kila mwaka, na taarifa huwa wazi kwa wananchi. Bodi ambayo haikueleza fedha za awali zilikokwenda itapata shida kuomba tena.

Hayo manne yahusu pia barua zetu kwa marafiki. Anayezisoma huenda Novemba iliyopita alikaa na karatasi ya kura, akapima kodi yake na pensheni yake, kisha akatoa na ada ya binti wa Kilolo asiyemfahamu. Mtu huyo amezoea kuambiwa kiasi, sababu na muda. Tukimwandikia kwamba hali ni ngumu tunaomba msaada, tumempa kidogo kuliko anachopewa na bodi ya shule ya mtaani kwake. Tumwandikie ada ni kiasi gani, mzazi ametoa kiasi gani, usharika umetoa kiasi gani, na mwanafunzi atamaliza lini. Na matokeo ya mtihani yakitoka, mazuri au mabaya, tumpelekee.

Naomba kila kamati, kabla ya kuondoka hapa, iandike upya ombi lake moja kwa namna hiyo, tulisome pamoja mchana.